Riyadha ya Lamu na Swali la Elimu ya Kutosha

Katika kamusi tunazozitumia shuleni, mwungwana ni mtu mwenye adabu, mstahivu, asiye na makuu. Ndivyo ninavyolifundisha neno hilo kila mwaka, na wanafunzi hulipenda kwa sababu ni rahisi kulitungia sentensi. Lakini lina maana nyingine iliyo kongwe zaidi, ambayo kamusi nazo huitaja: mwungwana ni mtu asiye mtumwa. Maana hiyo huwa haiulizwi katika mtihani, na walimu wengi tunaipita haraka.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye wazazi wake walivuka mpaka kutoka Kongo wakaja kuishi kwetu Uganda, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, nyumbani lugha yetu wanaiita Kingwana. Basi sisi ndio waungwana?" Darasa likaangua kicheko. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kikichekwa kila siku, na wenzake hawakutazamia kwamba kingeweza kudai cheo. Yeye mwenyewe hakucheka. Alitaka jibu, na jibu lipo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, wapagazi na walinzi walijiita wangwana, hata wale ambao kwa sheria ya wakati ule walikuwa bado mali ya mabwana zao waliobaki Unguja. Walijipa kwa ulimi kile walichonyimwa kwa sheria. Jina likashika, likawa jina la Kiswahili cha mashariki ya Kongo.

Bara, basi, neno hilo liliweza kuchukuliwa na yeyote aliyethubutu kulitamka. Pwani mambo yalikuwa tofauti, kwani huko uungwana ulikuwa na nasaba, mtaa, nyumba na hata mahali pa kukaa msikitini. Nikitaka wanafunzi waone tofauti hiyo, huwaeleza habari za msikiti mmoja wa kisiwani Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, nao ni Msikiti wa Riyadha. Kwa umri si msikiti wa kale kama mingine ya mji huo. Lamu ina Msikiti wa Pwani, ambao historia ya mji huuhesabu kuwa wa mwaka 1370, na Riyadha ulisimama karibu na mwanzo wa karne ya 20. Hata hivyo ndio unaowavuta wageni kutoka Komoro, Tanzania, Uganda na kwingineko kila mwaka. Naamini siri ya jambo hilo imo katika namna ulivyoanza.

Tuutazame mji kwanza. Lamu ya miaka ya 1880 ilikuwa miji miwili iliyoshikamana. Upande wa kaskazini ulikuwa Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko, na kuta za ndani zikipambwa kwa safu za vidaka. Humo waliishi waungwana, wenye mashamba ya bara ng'ambo ya mlango wa bahari na wenye majahazi ya biashara. Upande wa kusini ulikuwa Langoni, mtaa wa vibanda vya udongo na makuti, makao ya waliokuja baadaye: Wabajuni, Wangazija, Wahadhrami maskini, watumwa walioachwa huru, na watumwa ambao bado walikuwa na bwana. Mtu angeweza kutembea kutoka mtaa mmoja hadi wa pili kwa dakika chache. Kuhama kutoka daraja moja hadi la pili kulihitaji zaidi ya maisha ya mtu mmoja.

Mtumwa wa Lamu alikuwa Mwislamu. Hili huwashangaza wanafunzi wangu, maana wamezoea kusikia kwamba dini moja huwafanya watu kuwa ndugu. Bwana alikuwa na wajibu wa kumfundisha mtumwa wake dini, na mabwana walifundisha. Tatizo lilikuwa kipimo. Mtumwa alifundishwa namna ya kujitoharisha, sura chache fupi za kusalia, na utii. Hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa elimu ya kutosha. Tafsiri ya Kurani, fikihi, nahau ya Kiarabu, yaani mambo yanayompa mtu uwezo wa kusoma mwenyewe na kuuliza kwa nini, yalibaki katika nyumba za mawe. Hapakuwa na haja ya sheria iliyoandikwa kumfungia mtumwa mlango wa darasa. Kila mtu alijua mlango ule si wake.

Katika mji huo akaingia Swaleh bin Alwi, wa ukoo wa masharifu wa Jamalilleil, ambaye watu walimwita na bado wanamwita Habib Swaleh. Alizaliwa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, katikati ya karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana. Mji haukuwa mgeni kabisa kwa jamaa zake, kwa kuwa alimkuta humo ami yake aliyekuwa akiwatibu watu. Alisoma kwa wanazuoni wa hapo, na angeweza kabisa kuishi Mkomani akaoa katika nyumba kubwa, akapewa mahali pa mbele katika kila hafla, kwani sharifu aliheshimiwa. Badala yake aliyaelekeza maisha yake Langoni. Aliketi na watu wa vibanda, akawatibu, akawafundisha.

Kuketi nao kungeweza kusamehewa. Hata bwana mkali huwa na siku yake ya huruma. Kilichouchoma mji ni kile alichowafundisha. Hakukomea kwenye sura za kusalia. Aliwafungulia watumwa na wageni elimu ileile iliyokuwa ikisomwa na wana wa waungwana, akawasomea na kuwafasiria Kurani ili waelewe wanachokisoma. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Mtumwa anayejua Fatiha ni mtumwa mwema, lakini mtumwa anayejua maana ya aya ataanza kuipima hali yake kwa maneno ambayo bwana wake mwenyewe huyaita matukufu. Sidhani kwamba waungwana wa Lamu walikosea katika hesabu yao. Walielewa vizuri sana kilichokuwa kikitendeka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakumzuia. Hapa ndipo historia hii inapokuwa na utata, na mimi hupenda kuukabili utata huo darasani badala ya kuufunika. Habib Swaleh alikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa nasaba. Waungwana walijenga heshima yao juu ya imani kwamba damu ina daraja. Kwa imani hiyohiyo, mjukuu wa Mtume alikuwa juu yao. Kumdhalilisha sharifu kungekuwa kuukata mti walioukalia. Mtumwa mwenye elimu sawa na yake asingepata nafasi ya kufungua hata darasa la watu watatu. Wanafunzi hawapendi nikisema hivi, wanataka shujaa asiyedaiwa chochote na zama zake. Lakini raia anayejifunza historia lazima aone kwamba mara nyingi mlango hufunguliwa na mtu ambaye tayari yumo ndani, na kwamba jambo hilo halipunguzi thamani ya kuufungua.

Darasa lilitangulia, msikiti ukafuata. Ilipopatikana ardhi ya kujengea, haikutafutwa Mkomani. Ilikuwa pembezoni mwa Langoni, mahali penye mchanga, nje ya mji kama mji ulivyojihesabu wakati huo. Nilipofika Lamu, mzee mmoja aliyenikaribisha kahawa barazani alinionyesha kwa mkono jinsi palivyokuwa mtanga mtupu. Alisema "mtanga", nasi wa bara tungesema mchanga, na nilifurahi kuisikia Kiamu kwa sikio langu baada ya miaka mingi ya kuisoma katika tenzi tu. Jengo la kwanza lilikuwa la udongo na makuti, sawa na nyumba za majirani zake. Mawe yalikuja baadaye.

Ardhi hiyo ilitolewa iwe wakfu. Naomba msomaji asilipite neno hili. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Imekwisha kutoka katika mkono wa mtu na faida yake imewekewa kusudi. Misikiti mingi ya mji ilifungamana na koo zilizoijenga, na kila ukoo ulijua wa kwake. Mtu wa Langoni aliyeingia kusali humo aliingia kwa mwenyewe, kama mgeni. Juu ya mchanga ule, kwa mara ya kwanza, mtumwa alikuwa na mahali pa kusomea ambapo hakuna bwana wa Mkomani angeweza kusema ni pake. Nikiwafundisha vijana maana ya mali ya umma, naona mfano huu unashinda vifungu vingi vya vitabu vyetu vya uraia.

Jina nalo lina habari yake. Riyadha ni bustani, kwa Kiarabu, na linafuata jina la msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, alikokuwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni ambaye Habib Swaleh alishikamana na njia yake. Kila mara nikiliandika ubaoni, kuna kijana atakayeuliza kama msikiti huo ulijengwa kwa ajili ya wanariadha. Si swali la kipuuzi, kwani maneno hayo mawili ni ndugu wa karibu katika Kiarabu na Kiswahili kimeyapokea yote. Nami huwajibu kwamba, kwa bahati nzuri, Lamu wakati wa Maulidi watu hukimbia pia, ila wamepanda punda.

Hadhramaut ndiko yalikotoka pia Maulidi ya Al-Habshi, kisomo cha kumsifu Mtume ambacho Riyadha iliufanya kuwa wake. Pamoja na kisomo ziliingia kasida na matari. Sasa fikiria matari ndani ya msikiti! Kwa wakubwa wengi wa mji ngoma ilikuwa jambo la watumwa, la uwanjani, la usiku, nao msikiti ulikuwa mahali pa kunyamaza. Habib Swaleh aliwaona watu ambao miili yao ilikuwa imezoea kusema kwa mdundo, akauacha mdundo uingie katika ibada. Wapinzani wa matari hawakukoma wakati ule, na hawajakoma leo. Wapo Waislamu wenye elimu wanaosema kwamba Maulidi ya namna hiyo ni uzushi usio na msingi katika dini. Mimi si Mwislamu, wala sina haki ya kuhukumu baina yao. Naweza kusema tu nilichokiona: safu mbili za wanaume waliovaa kanzu nyeupe, wameelekeana, matari mikononi, wakiyumba pamoja polepole kama mashua zilizotia nanga, na katika safu hizo sikuweza kutambua nani jadi yake ilitoka Mkomani na nani Langoni.

Ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita, nami nilikuwa nimevuka kwa mashua kutoka Mokowe nikiwa na begi moja na daftari. Mji ulijaa. Wageni walilala popote palipowezekana, wengi wao bila kulipa, kwa kuwa chakula cha Maulidi ni cha wote. Asubuhi palikuwa na mashindano ya punda kando ya bahari, ya kuogelea na ya majahazi. Jioni ilikuwa kasida. Siku ya ziara watu walikwenda kwenye kaburi la Habib Swaleh, aliyefariki katikati ya miaka ya 1930, kisha wakarejea kwa maandamano wakiimba. Nilijaribu kuhesabu lugha nilizozisikia nikaacha.

Rudi nyuma kidogo, kwa sababu tarehe zina jambo la kutufundisha. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya eneo hili mwaka 1895, ukanda wa pwani ukibaki kwa jina chini ya Sultani wa Unguja. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Sheria hiyo ililipa fidia. Walilipwa mabwana, kwa hasara ya kupoteza mali. Aliyekuwa mtumwa alipata uhuru bila shamba, na wengi walibaki wakilima ardhi ileile kwa idhini ya watu walewale. Ukiziweka pamoja, utaona kwamba msikiti wa udongo na makuti uliitangulia sheria. Watu waliketi kwenye mkeka mmoja na kusoma kitabu kimoja wakati dola bado ilikuwa inatambua kwamba mmoja wao ni mali ya mtu. Wanafunzi wangu hudhani haki hutoka juu, ikisainiwa na mkubwa, kisha ikateremka kwa wananchi. Katika Lamu ilianza kukaliwa kabla haijaandikwa.

Riyadha haikubaki msikiti tu. Ilikuwa na makao ya wanafunzi waliotoka mbali, waliosoma bila ada, wakala na kulala hapo, kisha wakarudi makwao au wakapelekwa kwingine kufundisha. Kwa njia hiyo elimu iliyokataliwa watu wa mtaa mmoja ilisambaa katika pwani yote na bara. Maktaba yake ilihifadhi maandiko ya mkono zaidi ya 100, ya fikihi, nahau, tasawufi na mashairi, ambayo kuanzia mwaka 2010 yalipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Unyevu wa bahari na wadudu havijali utukufu wa kitabu. Mji wenyewe ulitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watalii wengi huja kuangalia nyumba za mawe. Si wengi wanaopanda hadi Langoni.

Ingekuwa si haki kuishia kwenye sifa. Uongozi wa Riyadha uliendelea katika uzao wa Habib Swaleh, na heshima ya masharifu ilikua pamoja na msikiti. Aliyekuwa mtumwa alipata elimu, akapata safu ya kusimama na tari la kupiga, lakini kiti cha mwenye msikiti hakikufika kwake. Wachunguzi walioishi Lamu katika karne ya 20 waliliona hilo: daraja moja lilidhoofika, jingine likapata nguvu. Sioni kwamba jambo hili linaubatilisha mwanzo. Linaonyesha tu kwamba kufungua darasa na kugawana mamlaka ni kazi mbili, na aliyeimaliza ya kwanza anaweza asiianze ya pili.

Ninayaandika haya kwa sababu iliyo karibu nami kuliko Lamu. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, ulitolewa uamuzi kwamba watoto wa wakimbizi wawekwe mkondo wao peke yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya upole: Kiingereza chao bado, wasaidiwe kwanza. Lakini katika mkondo huo fasihi iliondolewa, na sayansi ikapunguzwa vipindi. Katika kikao cha walimu niliuliza watakuwa huko kwa muda gani, nani atapima kwamba sasa wanafaa kurudi, na kwa nini somo la fasihi ya Kiswahili liondolewe kwa watoto wanaoongea Kiswahili kuliko sisi tuliokuwa kikaoni. Nikajibiwa kwamba kwa mahitaji yao, wanachopata kinatosha.

Mkondo ule haukufutwa mwaka huo. Nilichopewa, baada ya kuomba kwa maandishi mara mbili, ni ruhusa ya kuwafundisha fasihi baada ya masomo, Jumanne na Alhamisi, kwa wale watakaopenda kubaki. Nilitazamia kumi. Wiki ya kwanza walikuja ishirini na watatu, na nusu yao hawakuwa wakimbizi. Yule mwenye swali la Kingwana alikuja na daftari jipya, akakaa mbele. Tulianza na ushairi, kwa sababu ndio walioambiwa kwamba hawatauweza.